Tukienda Saint-Tropez na euro 600, tutaruhusiwa kukanyaga mchanga?

"Asalaam aleikum kaka. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mimi na mume wangu tunaishi Ubelgiji. Mwezi wa Julai tunatimiza miaka 20 ya ndoa, na mume wangu tangu ujana wake ana hamu ya kushinda siku moja kwenye zile klabu za ufukweni za Saint-Tropez, kusini mwa Ufaransa, anazoziona kwenye picha: magodoro meupe, miavuli, meli za matajiri nyuma. Tumejiwekea euro 600 kwa siku hiyo moja, mbali na nauli na malazi. Sasa shoga yangu ananikatisha tamaa. Anasema ufukwe wote kule ni wa watu binafsi, hukanyagi mchanga bila kulipa, na ukikaa kitandani ni lazima utumie euro elfu moja. Isitoshe, mimi navaa hijabu na nikiogelea huvaa vazi la kufunika mwili mzima, na sote wawili hatugusi pombe. Je, tutafukuzwa? Au tumwachie Mungu tukatafute pengine?"

Waaleikum salaam dada, na hongereni kwa miaka 20. Mchanga mtaukanyaga bure. Hakuna wa kukufukuza kwa sababu ya hijabu, na akijaribu, sheria iko upande wako. Euro 600 zinatosha, ila zinaweza pia kuyeyuka kabla ya saa kumi jioni kama hujui zinakopotelea. Nimefanya kazi kwenye fukwe zile misimu kadhaa, nikianza na kutandika magodoro na kuishia mlangoni na daftari la wageni, kwa hiyo nitakueleza kwa ndani kidogo.

Kwanza jina. Klabu nyingi unazoziona kwenye picha hazipo Saint-Tropez. Zipo kwenye ufukwe wa Pampelonne, ulio katika wilaya jirani ya Ramatuelle, kama kilomita tano kutoka bandari ya Saint-Tropez. Ni mchanga mtupu wa karibu kilomita tano, nyuma yake mashamba ya mizabibu na misonobari. Agosti 15, 1944 wanajeshi wa Marekani walitua hapo kuikomboa kusini mwa Ufaransa, na baada ya vita pakarudi kuwa pa wakulima na wavuvi. Katikati ya miaka ya 1950 mwongozaji wa filamu Roger Vadim alikuja kupiga filamu iliyompa umaarufu mwigizaji Brigitte Bardot. Familia ya de Colmont ilikuwa na kibanda chake pale mchangani, na inasimuliwa kwamba wapiga filamu walidhani ni mgahawa, wakaomba chakula, na mama mwenye nyumba akawapikia. Kutoka kwenye chungu kile ikazaliwa Club 55, ambayo ipo mpaka leo. Mwambie mume wako kwamba ufahari wote ule ulianza kwa watu wenye njaa kukosea mlango.

Sasa hofu ya shoga yako. Simlaumu, maana hata mabango yanapotosha: yameandikwa "ufuko binafsi" kwa Kifaransa, na mtu akiona kamba na safu za vitanda anaona kama ameingia uani kwa watu. Lakini nchini Ufaransa ufukwe ni mali ya dola, hauuzwi. Amri ya mfalme Louis XIV ya mwaka 1681 ilieleza kwamba ukingo wa bahari ni kila mahali maji yanapofunika na kufunua wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wewe mtu wa Tanga huhitaji mwanasheria kukufasiria hiyo: walikuwa wanazungumzia bamvua. Siku hizi kipimo ni pale maji ya juu kabisa yanapofika bila dhoruba isiyo ya kawaida, lakini msingi ni ule ule. Sheria ya pwani ya Januari 3, 1986 ikaongeza kwamba watu kwenda ufukweni kwa miguu ni bure, na kwamba matumizi ya bure ya umma ndiyo kazi ya kwanza ya ufukwe wowote, hata ule uliokodishwa.

Kwa hiyo mwenye klabu ni mpangaji. Anapewa kipande kwa mkataba usiozidi miaka 12, analipa kodi yake, na anawekewa masharti. Kanuni za mwaka 2006 zinasema kwenye ufukwe wa asili angalau asilimia 80 ya urefu na ya eneo ibaki wazi kwa umma. Mbele ya vitanda, kando ya maji, lazima ibaki njia ya watu, kwa kawaida ya upana wa mita 3 hadi 5. Msimu ukiisha banda lote linang'olewa, mbao, jiko na baa, mchanga unabaki kama ulivyokuwa. Pampelonne yenyewe ilikuwa na majengo ya kudumu kwa miaka mingi, mengine yamekalia matuta ya mchanga. Yakabomolewa, idadi ya klabu ikapunguzwa, na kuanzia msimu wa 2019 zilizobaki zikasogezwa nyuma ya matuta na kujengwa kwa namna ya kubomoleka. Nimewahi kuona mzee mmoja wa kijijini akipita kila asubuhi mbele ya safu yetu ya kwanza akihesabu hatua zake kwa sauti, moja, mbili, tatu, na zikipungua anamwita meneja. Tulimwogopa kuliko mkaguzi.

Kuna jambo dogo ambalo mtu wa pwani yetu hulishangaa: wanawezaje kupanga magodoro hatua nne tu kutoka majini tangu asubuhi hadi magharibi bila bahari kuyachukua? Ni kwa sababu Mediterania haina maji kupwa na kujaa ya kusema. Yanapanda na kushuka shubiri moja hivi. Pale Tanga bamvua linapanda zaidi ya mita tatu, na klabu ya namna ile ingehama mara mbili kwa siku. Bahari isiyosogea ndiyo imeiwezesha biashara ya "safu ya kwanza". Kitanda cha mbele kabisa kina bei yake, cha pili kina yake, na cha nyuma karibu na jikoni kina yake, kama viti vya ukumbi wa taarabu.

Na zile meli za matajiri? Pampelonne inatazama mashariki. Upepo mkali wa eneo hilo, mistral, unatoka bara, upande wa kaskazini magharibi, hivyo milima na misitu inaikinga bahari ya pale isichafuke. Meli hutia nanga hapo kwa usalama, wenye meli wanashuka kwa boti ndogo kwenda kula mchana, na klabu zinawasubiri. Hiyo ni faida kwao na hatari kwako: siku ya mistral bahari inaonekana shwari kama uji uliopoa, lakini upepo unasukuma kutoka nchi kavu kwenda kilindini. Mtu aliyelala juu ya boya la kujaza upepo anasinzia, akifumbua macho anauona mwavuli wake mdogo kama kisoda. Siku hiyo msipande boya. Ogeleeni mkono wa kushoto au wa kulia, kando ya ufukwe, kina cha kifua.

Turudi kwenye pesa, maana najua hapo ndipo penye moyo wa swali lako. Klabu inaishi kwa miezi michache ya joto, na faida yenyewe inapatikana Julai na Agosti. Ndani ya wiki hizo lazima irudishe kodi ya mkataba, gharama ya kujenga na kung'oa, na mishahara na malazi ya wafanyakazi katika eneo ambalo chumba cha kulala ni ghali kupindukia. Sheria imebana mchanga, kwa hiyo haiwezi kuongeza vitanda. Imebaki kuongeza bei ya kila kitanda na kugeuza meza mara mbili: kundi la kwanza saa sita na nusu, la pili saa tisa. Unachokodi ni godoro, kivuli, taulo, mtu wa kukuletea maji, na kuonekana umekaa pale. Bahari na mchanga havimo kwenye bili.

Klabu hazifanani. Zipo za kelele, zenye muziki na chupa zinazoletwa na fataki juu yake. Hizo ndizo zinazodai kiwango cha chini cha matumizi, na huko maneno ya shoga yako yanaweza kuwa kweli kabisa. Kwa watu wasiokunywa pombe ni hasara tupu, kwa sababu kiwango hicho kimepigiwa hesabu ya shampeni, na mtakunywa juisi mpaka mkinai. Zipo pia za familia, za chakula cha mchana na usingizi chini ya mwavuli, ambazo zinakodisha kitanda kwa bei ya siku na chakula unaagiza ukitaka. Hizo ndizo zenu. Chukua mfano: vitanda viwili kwa euro 60 kila kimoja ni 120, sahani mbili za 45 ni 90, vitamutamu viwili vya 18 ni 36, vinywaji vinne vya euro 10 ni 40, maegesho 15. Jumla 301. Nimekisia, na klabu nyingine itakupandishia, ila unaona kwamba 600 si aibu. Mkitaka safu ya kwanza ya klabu yenye jina, kitanda kimoja tu kinaweza kupita euro mia, na mimi nisingetoa. Safu ya kwanza wapita njia wanapita juu ya miguu yako kutwa nzima, kwa ile haki yao ya mita tatu. Safu ya tatu una kivuli na stara.

Pesa hupotelea wapi? Kwanza kwenye samaki. Nilimleta mama mkwe wangu klabu moja, siitaji, kijana akaja na sinia, juu yake samaki mzima anang'aa, jicho limesimama. "Samaki wa leo, mama?" Mama akatikisa kichwa kwa furaha. Bei kwenye ubao ilikuwa ya gramu 100, na mimi niliyekaa miaka kwenye kazi hiyo sikuinua macho kuisoma. Fanya hesabu: kama ni euro 14 kwa gramu 100, samaki wa kilo moja na robo ni euro 175. Mama aliposikia alisema kwa bei hiyo samaki angepaswa kutusomea dua. Kwa hiyo samaki akiletwa, mwambieni ampime kwanza na kutaja bei kamili kabla hajaenda jikoni. Hakuna ushamba hapo. Wenyeji wenyewe wanauliza.

Pili ni bakshishi. Ufaransa gharama ya huduma imo tayari ndani ya bei ya menyu. Mashine ya kadi ikikuletea asilimia za kuchagua, au mhudumu akisimama juu yako akisema haijajumuishwa, hulazimiki. Ukipendezwa mwachie noti ndogo mkononi, atafurahi kweli. Tatu ni maji. Mkikaa mezani kula, mna haki ya jagi la maji ya bomba bure. Ukisema "maji" tu utaletewa chupa. Sema jagi.

Kuhusu vazi lako, nitasema kwa upole na kwa ukweli wote. Mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani ile, Cannes ikitangulia, ilipiga marufuku vazi la kuogelea la kufunika mwili. Agosti 26 mwaka huo huo Baraza la Dola, mahakama ya juu ya mambo ya utawala, ilisimamisha marufuku ya Villeneuve-Loubet, ikisema meya hawezi kubana uhuru wa watu bila tishio la kweli kwa usalama. Mwaka 2023 ikasimamisha tena nyingine, ya Mandelieu-la-Napoule. Kwa hiyo baharini vazi lako ni halali. Mabwawa ni habari nyingine: mwaka 2022 baraza hilo hilo lilikataa kanuni ya mji wa Grenoble iliyolegeza masharti ya mavazi kwenye mabwawa ya manispaa, na hoteli nyingi zina masharti yao ya mavazi ya bwawani. Kama klabu ina bwawa, uliza mapema, au liache, umefuata bahari. Hijabu haina tatizo. Sheria ya 2010 inakataza kufunika uso, si nywele. Na biashara kukataa kumhudumia mtu kwa sababu ya dini yake ni kosa la jinai.

Hayo ni ya sheria. Ya macho ni mengine, na nisingekutendea haki nikinyamaza. Wapo watakaokukodolea. Na wewe pia jiandae na mume wako, maana Pampelonne wanawake kuota jua kifua wazi ni jambo la kawaida, na kuna sehemu watu huoga uchi kabisa. Kama hilo litaiharibu siku yenu, heri mlijue leo mkiwa nyumbani. Kuna njia ya katikati ninayoipenda kuliko zote: msikodi kitanda. Wekeni nafasi ya meza tu, chakula cha saa tisa. Asubuhi ogeleeni upande wa umma, mahali mlipopachagua wenyewe, na mkeka na mwavuli wenu. Saa tisa kasoro badilisheni nguo mwingie klabuni mkiwa watanashati. Mume wako atapata picha yake, godoro jeupe litakuwa nyuma yake hatua tano, na mtakuwa mmetumia nusu ya pesa.

Kuhusu chakula, msitegemee nyama halali kwenye klabu hizi. Ulizeni, lakini samaki na mboga ndio usalama wenu. Uliza pia kama mchuzi una divai. Kome na supu ya samaki huko mara nyingi hutiwa, na mpishi hatafikiri kukuambia kwa sababu kwake divai ni kama ndimu kwetu.

Mkiniuliza kama mwende kwingine: Nice ina klabu nzuri chini ya Promenade des Anglais, barabara ya kando ya bahari, treni inakushusha karibu, lakini ufukwe wake ni wa kokoto, chukueni viatu vya majini. Juan-les-Pins na Cannes zina mchanga na treni pia. Saint-Tropez haina treni kabisa. Kituo cha karibu chenye maana ni Saint-Raphaël, na barabara ya mwisho Julai inafungana hadi watu wanazima injini. Msichukue gari kutoka Sainte-Maxime, mji ulio ng'ambo ya ghuba ya Saint-Tropez. Pandeni boti, mkiwa bandarini Saint-Tropez mtafute basi au teksi ya kwenda Pampelonne, mfike kabla ya saa nne asubuhi. Chagueni siku ya katikati ya wiki. Kama sikukuu yenu inaweza kusubiri hadi wiki ya pili ya Septemba, maji bado ni ya moto, na wale wahudumu waliokuwa wakali Agosti wanakuwa watu tena.

Ngozi ikichomwa na konyeza, wengine huwaita yavuyavu, suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, wala usisugue. Nenda kwenye kibanda cha waokoaji. Pumzi zikibana au uso ukivimba, piga 112 papo hapo. Bili ikiwa na mambo msiyoyaelewa, dai risiti yenye kila kitu kimeandikwa. Kuanzia euro 25 ni wajibu wao kukupa. Mkibishana na wasipotaka kusikia, lipeni, tunzeni risiti, na pelekeni malalamiko kwenye SignalConso, tovuti ya malalamiko ya serikali ya Ufaransa, au, kwa kuwa mpo Ubelgiji, kwenye Kituo cha Watumiaji cha Ulaya cha huko. Ukikataliwa kwa sababu ya hijabu, andika saa, jina la mahali na maneno waliyosema, kisha wapelekee Défenseur des droits, ofisi ya umma ya kutetea haki za watu, au umwone wakili. Hilo si la kumalizia kwa barua kwangu. Na vibali vya ukaazi vya Ubelgiji vinawaruhusu kuingia Ufaransa, ila tembeeni na pasipoti.

Kabla hamjalipa chochote, tumeni ujumbe huu kwa klabu mbili au tatu: "Tuko wawili, siku ya Jumanne. Tunataka vitanda viwili safu ya pili au ya tatu, na meza ya saa tisa. Hatunywi pombe. Mke wangu huogelea baharini akiwa na vazi la kufunika mwili. Kitanda ni bei gani, kuna kiwango cha chini cha matumizi, na tukiahirisha mnakata kiasi gani kwenye kadi?" Atakayejibu yote kwa maandishi, nendeni kwake. Atakayepiga simu badala ya kuandika, mwombeni kwa adabu aandike.